Kibanda cha wali pale Tunduma: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya choo

Naendesha semi kati ya Dar na Lubumbashi, mwaka wa 14 huu. Nikisema wali wa mahali fulani ni mtamu, jueni nimeshakula mwingi mbaya.

Kibanda hakina bango. Ukishapita mizani ya Mpemba ukaingia kwenye foleni ya malori, kiko kushoto: mabati ya bluu, benchi tatu, jiko la mkaa nje. Mwenyewe tunamwita Shangazi, hata sisi tuliomzidi umri.

Wali ni wa Kyela, harufu yake inakufikia kabla hujazima gari. Wali maharage 2,500, ukitaka nyama 4,000. Mboga ya maboga anaiunga kwa karanga, hiyo usiikose. Chai ya tangawizi inafaa sana kwa baridi ya Juni, ila sukari anatia mwenyewe. Usipomwahi utakunywa sharubati.

Lakini vibanda vya wali Tunduma viko tele. Mimi hapa naletwa na saa mbili za ukutani. Moja imeandikwa kwa chaki "Kwetu", nyingine "Kwao". Ukivuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na simu zetu hudaka mtandao wa Zambia hata kabla hujavuka. Zamani nilikuwa napiga nyumbani Mbagala saa tatu usiku nikitegemea kuongea na binti yangu. Kumbe kule ni saa nne, mtoto kalala zamani, nabaki kuzungumza ada na mama yake. Shangazi ndiye aliyenishtua: "Baba, piga sasa hivi, hicho chakula nitakufunikia." Nyumbani nakaa siku sita, saba kwa mwezi. Dakika kumi za kuongea na binti yangu si ndogo.

Halafu kuna daftari. Lilianza kuwa la madeni, sasa anaandika nani kapita, lini, anaelekea wapi. Mwaka jana gari lilinifia mbele ya Mpika, huko Zambia, siku mbili sina mtandao. Mke wangu akampigia Shangazi, akajibiwa: kapita Jumanne, kala vizuri, kabeba chapati nne. Kisha Shangazi akamwagiza dereva aliyekuwa anavuka siku hiyo anitazame njiani. Jamaa alinikuta nimelala chini ya trela, akanipa chapati nyingine na ujumbe: "Piga kwako, unaulizwa." (Tandiboi wangu halipendi hilo daftari. Anasema si kila dereva anataka mkewe ajue kapita Tunduma lini. Sikumuuliza zaidi.)

Jirani kuna lojing nzuri, maji ya moto, televisheni. Nimelala mara nyingi mno, na mapokezi bado wananiuliza kama ni mara yangu ya kwanza.

Kasoro sasa. Choo ni cha kushirikiana na gereji ya nyuma, ufunguo anao fundi, na fundi haonekani. Moshi ukigeuka unakula huku unalia. Chenji ya noti ya 10,000 usiitegemee asubuhi.

Wali huisha saa nane mchana, saa ya "Kwetu". Ukiona mizani inakuchelewesha, mpigie akuwekee sahani, na umtajie gari lako, maana kina Juma kwenye lile daftari hawahesabiki.