Kipini cha ulimi: stenlesi au plastiki?

Mdogo wangu katoboa ulimi, akitafuna korosho hapa Mikindani unasikia kabisa kipini kinagonga meno, ka ka ka. Kavaa cha stenlesi kwa sababu kinang'aa, mi namwambia avae cha plastiki hataki, eti kinafanana na kifungo cha shati (kweli kinafanana). Ila kule Innsbruck, Austria, watafiti walipima vipini vya watu 80, majibu yakatoka 2011, na vya stenlesi ndo vilikutwa na bakteria wengi kuliko vya plastiki, yaani wanaganda kwenye chuma utafikiri chaza kwenye mwamba. Halafu chuma ni kigumu, kinaweza kumega jino. Plastiki ubaya wake inalika, ukiona imechubuka kwa kung'atwa badilisha.