Kaunta buku kwaya 2 kama daftari la vitabu ulivyosoma

Kwa wanaopenda kusoma na wanataka pa kuweka kumbukumbu, mimi natumia kaunta buku ya kawaida kabisa ya steshenari, kwaya 2, kurasa 192, jalada gumu, na kiukweli naipenda sana.

Kabla hujalipa ifungue katikati uangalie uzi. Kuna zilizoshonwa na kuna zilizobandikwa kwa gundi tu, ya gundi ukiilazimisha ilale wazi mezani kurasa zinaanza kuchomoka, iliyoshonwa inalala yenyewe, mkono mmoja unaandika mwingine umeshikilia kitabu pale ulipofika. Karatasi ni nyepesi, peni ya jeli inatokea upande wa pili kwahiyo tumia bolpeni.

Kila kitabu nakipa nusu ukurasa. Kushoto kwa ule mstari mwekundu wa pembeni naweka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kulia jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, nimekipata wapi, afu mistari kadhaa ya nilichokiona humo na sentensi moja iliyonikaa pamoja na namba ya ukurasa wake. Hiyo sentensi usiiruke jamani, ndo inayorudisha kitabu kizima kichwani. Ukiishia njiani andika pia, "nimeacha uk. 60, maelezo mengi hadithi haisogei", ili siku ukikutana nacho tena ujue kwanini. Kurasa za nyuma kabisa ni za kuazimisha, nani kachukua kipi na lini, hapo tu hela yako imerudi maana tunajua wote vitabu vikiazimwa vinaendaga wapi.

Najua wengi mko Goodreads au The StoryGraph, zile app za kuweka kumbukumbu za vitabu unavyosoma, na hiyo ya pili aliyoitengeneza Nadia Odunayo ni nzuri kweli, inakuchorea chati za usomaji wako na nyota unaweza kugawa mpaka robo. Ila sisi wa riwaya za Kiswahili za zamani, zile tunazookota kwa wauza vitabu wa chini, nyingi hazina hata ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, mfumo wenyewe umekuja kuwa wa kimataifa 1970, na hata za baadae kidogo nyuma hazina zile bakodi, sasa hapo unaskani nini? Unajaza kila kitu mwenyewe, na kama ni kujaza mwenyewe basi mimi nachagua karatasi, maana nikiandika kwa mkono nakuwa bado niko ndani ya kitabu, simu inanitoa.

Udhaifu mkubwa wa kaunta buku ni kutafuta. Kurasa hazina namba, ziandike mwenyewe siku ya kwanza na uache kurasa mbili tatu za mbele kwa orodha ya waandishi. Pia hakuna nakala ya pili, ikilowa ndo basi, kwahiyo piga picha kila ukijaza ukurasa na uivalishe kava la nailoni.

Mwenye mwandiko mkubwa achukue kwaya 3.