Kioo cha saa: cha kawaida au yakuti samawi?
Kwa anayeshinda Kibirizi, Kigoma, dagaa wakianikwa, adui wa kioo cha saa ni mchanga. Chembe za kwatzi (madini magumu) zilizomo zina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Kioo cha kawaida ni kama 5.5, yakuti samawi (sapphire) 9.

Tazama kioo cha kawaida kwa hadubini. Chembe ikigusa kidogo sana, huacha mfereji laini tu; ikikandamiza zaidi, nyufa huchipuka pembeni na vipande vidogo mno hubanduka. Hapo ndipo weupe unapoanza, na hakuna kitambaa cha kuuondoa.

Mchanga huo hauikwaruzi yakuti. Ni ghali, na ikidondoka kwenye saruji yaweza kupasuka. Mimi ningelipia yakuti: mchanga ni wa kila siku, kudondoka ni mara mojamoja.