Charctic, grafu ya bure ya barafu ya ncha za dunia: inafaa sana kwa mdahalo, ila isibebeshwe yasiyo yake

Klabu ya mdahalo ya sekondari yenye simu moja na bando dogo ikitaka ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, ianzie hapa. Charctic hutolewa na kituo cha data za theluji na barafu cha Marekani, NSIDC, kilichopo Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder. Hakuna kulipa. Kila mwaka tangu 1979 una mstari wake, na mstari huo unaonyesha siku kwa siku ni kilomita za mraba ngapi za bahari zilizofunikwa na barafu, Aktiki (ncha ya kaskazini) au Antaktika (ncha ya kusini). Maelezo yote ni ya Kiingereza, na hiyo ndiyo kasoro ya kwanza kwa wasemaji wanaojiandaa kuzungumza Kiswahili.

Kabla ya kunukuu tarakimu yoyote, elewa kinachopimwa. Setilaiti hupokea mikrowevu, yaani mawimbi yasiyoonekana kwa macho, zinazotoka zenyewe kwenye uso wa bahari, kwa hiyo inaona gizani na penye mawingu, nako kule usiku wa majira ya baridi huchukua miezi. Bahari imegawanywa viraba vya takriban kilomita 25 kwa 25, na kiraba chenye barafu kuanzia asilimia 15 huhesabiwa chote. Anayeyajua magugu maji ya Ghuba ya Mwanza ataelewa haraka. Upepo ukiyasambaza, utasema ghuba yote imejaa. Ukiyasukuma upande mmoja, eneo linaonekana limepungua ilhali mmea ni uleule. Barafu nayo hufanya hivyo, na ndiyo sababu hoja haijengwi juu ya siku moja. Mstari wenyewe umelainishwa kwa wastani wa siku 5.

Matumizi ni rahisi. Laza simu ili grafu ipate upana. Chagua Aktiki, kisha washa miaka minne au mitano tu, kwa mfano 1980, 1996, 2007, 2012 na 2020, maana ukiwasha yote utapata uzi uliosokotana. Acha mstari wa wastani wa 1981 hadi 2010 na kivuli cha kijivu kinachouzunguka: kivuli hicho kinaonyesha mabadiliko ya kawaida, na mstari ukitoka nje yake ndipo pana la kusema. Sogeza kidole hadi katikati ya Septemba, barafu inapofika chini kabisa baada ya kiangazi cha kaskazini. Soma, andika tarehe pamoja na kipimo, piga picha ya skrini. Usitegemee mtandao siku ya mdahalo.

Utakachokuta ni hiki: wastani wa Septemba 1979 ulikuwa takriban kilomita za mraba milioni 7, wa Septemba 2012, takriban milioni 3.6. Tofauti hiyo ni sawa na Maziwa Victoria kama 50 yakiwekwa pamoja. Hapo ukumbi wa Mwanza utakuelewa bila ramani.

Sasa tufike kwenye ubora wake hasa. Grafu hii inakuwezesha kumkamata anayechagua mwaka unaomfaa. Upande wa kupinga hupenda kusema, "Tangu 2012 rekodi haijavunjwa, kwa hiyo barafu imeacha kuyeyuka." Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Lakini mwaka 2012 ulikuwa wa ajabu, na dhoruba kubwa ya Agosti iliivunjavunja barafu iliyokwisha kuwa nyembamba. Mwaka 2013 kiwango cha chini kilirudi juu ya milioni 5, na wapo waliotangaza kwamba barafu inapona. Usibishane naye kwa maneno. Washa miaka yote kuanzia 2007 hadi 2024 umwonyeshe. Katika rekodi nzima hadi 2024, viwango 18 vya chini kabisa vya Septemba ni vya miaka hiyo 18. Lakini na upande wa kuunga mkono uache tabia yake ya kuanzia 1979 na kuishia 2012 kana kwamba hakuna kilichofuata. Ni kosa lilelile, na mpinzani makini ataliona.

Antaktika inahitaji uangalifu zaidi. Kwa miongo kadhaa barafu ya bahari huko iliongezeka kidogo, hadi mwaka 2014 ikapita milioni 20 wakati wa kilele. Msemaji asiyelijua hilo ataaibika jukwaani. Kuanzia 2016 iliporomoka, na Februari 2023 ikafika milioni 1.79, chini kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kupima. Jibu la kweli ni kwamba ncha hizi mbili hazifanani: Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, Antaktika ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari, na upepo na mikondo ya kusini ina nguvu ya kupotosha matokeo ya muda mfupi. Kusema tu "barafu inapungua kila mahali kila mwaka" ni kumpa mpinzani ushindi wa bure.

Anayetaka kuchora grafu yake apakue faili la jedwali. Mstari wa pili wa faili una vipimo, si data. Ufute, la sivyo programu ya jedwali itasoma safu nzima kama maneno na haitakubali kukokotoa. Safu ya nne ndiyo yenye eneo, kwa mamilioni ya kilomita za mraba. Data za kabla ya Agosti 1987 zinaruka siku moja moja (siku moja ina kipimo, inayofuata haina), na kuna pengo kuanzia Desemba 1987 hadi katikati ya Januari 1988. Usilijaze kwa kukisia.

Kuna jambo ambalo Charctic haliwezi kabisa, na ndilo linaloharibu midahalo mingi: haisemi lolote kuhusu kupanda kwa bahari. Barafu inayoelea imekwisha kusukuma maji yake. Lijaribuni darasani. Chukua bilauri mbili zenye maji ya bomba. Katika ya kwanza weka vipande vitatu vya barafu vielee; katika ya pili weka jiwe linalochomoza juu ya maji, na vipande vitatu juu ya jiwe. Weka alama kwa kalamu, subiri viyeyuke. Ya kwanza haitapanda, ya pili itapanda. Usitie chumvi, maana barafu ya maji baridi ikiyeyuka kwenye maji ya chumvi huyapandisha kidogo na wanafunzi watachanganyikiwa.

Barafu ya juu ya jiwe ndiyo Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini kilichofunikwa na barafu. Hiyo hupimwa na setilaiti za GRACE, zilizoanza 2002 na kufuatiwa na GRACE-FO mwaka 2018, kwa kusoma mabadiliko ya nguvu ya mvutano wa dunia. Greenland imekuwa ikipoteza kama tani bilioni 270 kwa mwaka. Maji hayo yangetandazwa juu ya Ziwa Victoria yangefika kina cha karibu mita 4. Yakigawanywa katika bahari zote yanakuwa chini ya milimita 1, kwani milimita 1 huhitaji tani bilioni 360.

Na tafadhali, mafuriko ya mialoni ya mwaka 2020 yasiletwe kama ushahidi wa barafu ya ncha. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Greenland hayapandi huku. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu yake, na mvua za mwishoni mwa 2019 zilizidi kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa na joto zaidi upande wetu. Anayetaka ushahidi wa ziwa atumie vipimo vya kimo vya setilaiti za TOPEX/Poseidon, ya 1992, na Jason zilizofuata, ambazo hupima ziwa na bahari kwa rada ya aina moja. Chora mistari miwili kwenye karatasi moja: wa bahari unapanda kidogo kidogo, kama sentimita 10 tangu 1993, wa ziwa unazama mwaka 2006, kisha unaruka mwaka 2020.