Resini niliyouziwa mjini imekula kijito changu

Msinunue resini, ule utomvu wa kiwandani unaoganda ukawa mgumu kama kioo, ya kupimiwa kwenye pipa lisilo na lebo. Naanza na hilo kwa sababu hasira bado ninayo, na nikianza na mengine nitasahau.

Nina meza ya treni za mfano, kipimo cha 1 kwa 87, na ninachojenga ni reli yetu inapokaribia Mwanza, ile iliyofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928. Kipande cha safari hii kilikuwa kijito: kinapita chini ya kalvati, kinazunguka mawe makubwa, kinaingia ziwani. Kazi kubwa haikuwa maji, ilikuwa majani. Pakiti ninazoziona mtandaoni ni misonobari na nyasi za Ulaya, wakati kingo za kwetu ni mafunjo, matete na magugu maji. Kwa hiyo nikayatengeneza mwenyewe. Funjo la mita 4 kwa kipimo hicho linatoka milimita 46. Shina ni unywele mmoja wa brashi ya kufagilia. Kichwani nabandika nyuzi fupi za katani kwa tone la gundi, nazichanua kwa sindano hadi zikae kama mwavuli, napaka kijani, halafu ncha naigusia kahawia kidogo maana funjo likikomaa hukauka kuanzia juu. Moja baada ya jingine, usiku baada ya usiku, hadi ukingo mzima ukajaa.

Sasa hilo duka. Nilimweleza kijana wa kaunta bila kuficha: naomba resini aina ya epoksi, ya kumwaga, ni ya maji ya kijito kwenye reli ya mfano. Akapima kutoka kwenye pipa, akanipa na kichupa cha hadena, dawa ya kuigandisha. Nikamuuliza mbona hadena ni kidogo hivi, epoksi si huchanganywa kwa wingi zaidi? Hata hakuinua macho kwenye simu. "Mzee wangu, resini ni resini. Matone machache tu, inashika."

Nikamwaga tabaka jembamba, kama inavyotakiwa. Harufu ikajaa nyumba nzima. Muda si mrefu nikaona ukingo unabonyea. Resini ilikuwa imepenya kwenye ufa wa plasta, ikafika kwenye fomu, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia vitu, niliyochongea kingo, na fomu inayeyuka! Mafunjo yakaanza kuinama upande mmoja, safu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, yakazama na udongo wake. Nilibaki nimeshika kibanio, sina pa kushika.

Ile haikuwa epoksi. Ilikuwa poliesta, resini ya aina nyingine wanayotumia mafundi wa boti za faiba. Ndani yake mna kemikali iitwayo stairini, na stairini inayeyusha fomu ya namna ile. Muuza resini asipojua hilo, anauza nini?

Nikarudi na kipande kilicholiwa, nikakiweka kaunta. Akakigeuza, akacheka, akawaambia wateja waliokuwepo, "Mzee analilia midoli." Halafu kwangu: "Mali ikishauzwa hairudi." Mwenye duka alikuwa pale pale, hakusema neno.

Niseme na haki yake. Pale karibu na kalvati, ambapo chini ni mbao tupu, resini hiyo hiyo imeganda vizuri sana. Kokoto nilizookota ufukweni zinaonekana hadi chini, na nikiinamisha jicho usawa wa reli, treni inapita juu ya maji yanayong'aa kweli kweli. Kwa fundi wa boti huenda ndiyo resini bora mjini. Nilitaka kuipa nyota tatu.

Ila juu bado inanata, vumbi limeanza kushika, na kila nikitazama ule upande wa pili namsikia akisema midoli. Yale mafunjo yalikuwa kazi ya mikono yangu, hayauzwi popote. Nyota tatu nimezifuta. Naweka moja, tena kwa ajili ya kalvati tu. Pesa yangu naidai, na lile pipa liandikwe POLIESTA kwa herufi kubwa, leo hii, kabla hajaja mwingine.