Nimelala Shirakawa-go usiku mmoja: uzoefu wangu

Mara ya kwanza nilikwenda Shirakawa-go, kijiji cha milimani huko Japani, na basi la asubuhi kutoka mji wa Nagoya, nikapiga picha, jioni nikarudi. Sikuambulia kitu. Februari hii nimelala kwenye nyumba ya wageni ya familia moja pale Ogimachi, kimojawapo cha vitongoji vyake, ndipo kijiji kikanielea.

Wengi wanadhani Ogimachi ndiyo Shirakawa yote. Sivyo. Kijiji cha Shirakawa, mkoa wa Gifu, kina zaidi ya kilomita za mraba 350, karibu zote milima na misitu, na wakazi kama 1,500 tu. Vitongoji vimebanana kwenye vipande vichache vya ardhi tambarare kando ya mto Shogawa. Vingine vya juu ya mto vilimezwa na bwawa la umeme la Miboro, lililokamilika 1961.

Nyumba sasa. Paa la nyasi limesimama nyuzi 60 hivi, theluji isipate pa kukaa. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alinipandisha darini, ambako zamani walikuwa wakifuga viwavi wa hariri. Kenchi zimefungwa kwa kamba, sikuona msumari. Nilishika fundo moja: gumu kama mfupa, jeusi tii kwa moshi wa irori, lile jiko la shimo katikati ya sebule. Moshi huohuo ndio unaofukuza wadudu na kulinda nyasi. Kuezeka upya ni msaragambo, wao wanauita yui; upande mmoja wa paa unamalizwa kwa siku moja au mbili, watu wamejaa juu kama siafu.

Chakula nakipa alama zote, hasa miso, rojo la soya lililochachushwa, ya kuchomwa juu ya jani kavu la mti. Nilikomba hadi jani likatoboka.

Kasoro zipo. Korido ya kwenda chooni ni barafu, bafu ni kwa zamu, na milango ni ya karatasi, kwa hiyo koroma ya jirani ni yako. Wanapokea pesa taslimu tu.

Lakini mabasi ya watalii yakishaondoka, kijiji kinanyamaza. Usiku nilishtushwa na kishindo, puu! Theluji imeporomoka paani. Nikarudi kulala.

Tiketi ya basi la kurudi kateni mapema. Mimi nilizembea, nikakaa kituoni masaa matatu na soksi mbichi.