Gereji ya Mwanjelwa iliyofanyia sevisi IST yangu

Wakuu, hii Toyota IST nilinunua yadi moja Dar, used ya Japan, wakanipa waranti ya miezi 3, injini na giaboksi tu, breki na shokapu hazimo, na ukiruhusu fundi mwingine aguse chochote waranti imekufa, sasa mi naishi Mbeya, nishuke mlima Kitonga mpaka Dar kumwaga oili tu? Wakataka niongeze hela iwe mwaka mzima, nikagoma, hela ile ile nikaipeleka gereji moja pale Mwanjelwa.

Jamaa wanajua kazi. Wamemwaga oili ya injini na ya giaboksi, kwenye rejeta wakakuta maji ya bomba wakayatoa wakaweka kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, maana maji matupu yanaleta kutu ndani. Kilichonifurahisha zaidi, fundi mmoja mtaani alishanipigia hesabu ya kubadili taimingi belti, ule mkanda wa kuendesha vali za injini, hawa wakacheka kweli, injini ya gari hii, 2NZ, inatumia cheni bwana, hiyo belti anaitoa wapi? We wahi kubadili oili na usikilize kama cheni inalia, basi.

Pedi za breki za mbele zilikuwa zimeisha, wakabadili, na wakanisisitiza nikishuka Mlima Nyoka niweke gia ndogo nisikalie breki muda wote.

Kasoro zipo, Jumamosi foleni balaa, na risiti mpaka uidai. Vipuri vya zamani wanakukabidhi mkononi lakini, hilo nimelipenda.

Nyota 4, ya 5 wakiweka hata benchi la kukalia.